Siku Nilipochunga Betri Juani

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida iliponianza. Mama alikuwa ameshatangulia. Baba naye akafariki kabla pamba haijavunwa, tukabaki wawili kwenye boma letu kule Kishapu: mimi na dada yangu Minza, msichana ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuulizwauliza na wachumba. Darasa la tatu nililiacha pale pale, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Sikusoma, na sioni haya kulisema. Nilichokuwa nacho badala ya shule ni kutaka kujua. Kila kitu nilitaka kukiona kwa ndani.

Nyie mliokulia kule mnajua, utoto wetu ulikuwa na ladha ya michembe. Unatafuna vile viazi vikavu asubuhi mpaka taya linauma, unakunywa maji, vinavimba tumboni, umeshiba mpaka jioni. Usiku ni ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyokaushwa, na karanga kama mwaka umekuwa mzuri. Tulicheza juu ya malundo ya pamba mpaka tukatoka weupe kama watu waliotumbukia kwenye unga. Magari tulitengeneza kwa mabua ya mtama, usukani wa waya, na kila mtu alijua gari lake linavyolia kwa sababu alilia mwenyewe kwa mdomo. Juzi nimemkuta mjukuu anaendesha gari kwenye simu. Nikamuuliza, hili umelitengeneza kwa kitu gani? Akasema, "Babu, limepakuliwa." Haya.

Mali yetu kubwa ilikuwa redio ya baba. Ya mbao, ina kitambaa mbele, inakula mawe manne makubwa. Ndivyo tulivyoziita betri. Minza alipenda kipindi cha salamu. Kusikia mtu anamsalimia shangazi yake wa Tabora na wote wanaomfahamu, yeye alicheka kama shangazi ni wake. Mimi nilizunguka nyuma ya redio kuchungulia kwenye matundu, nimwone anayesema.

"Dada, huyu mtu anakaa wapi?"

"Yuko Dar es Salaam, kakaa kwenye kiti. Wala hajui kama upo. Toka huko nyuma!"

Mawe yakichoka, sauti ilikuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Niliyatoa, nikayang'ata kidogo kwa magego, nikayapanga juu ya mwamba ulioko nyuma ya nyumba yapigwe na jua, kisha nikaenda kuchunga. Jioni narudi, nayapachika, redio inanguruma mpaka mbwa wa jirani anabweka. Minza alipiga vigelegele. "Fundi wangu!" aliniita. Sasa mtoto wa miaka tisa, yatima, umwite fundi mbele ya majirani, unategemea nini? Kichwa kilikua. Nilipokuja kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Segese, kwa kamba, chini giza tupu, nilishuka nikijiambia mimi ni mtu anayefufua vitu. Na nilipoacha dhahabu nikaja Kahama kwenye mpunga, nilikuja na kichwa kile kile.

Basi, Minza alifariki mwaka jana. Kabla ya hapo alikaa kwangu wiki kadhaa akitibiwa, na binti yangu Kabula, ambaye ni mwalimu wa sekondari hapa mjini, alimrekodi kwa simu akisimulia mambo ya zamani. Mimi sikuwepo siku hiyo, nilikuwa mashambani nanunua mpunga. Kabula akaihamishia sauti kwenye kompyuta ya sebuleni. Baadaye simu yenyewe ikaibiwa stendi. Kwa hiyo sauti ya dada yangu ilibaki sehemu moja tu duniani, mezani kwangu, chini ya kitambaa cha kufuma cha mke wangu. Watoto wa Minza walikuwa wanakuja Jumapili kutoka Kishapu kwa kumbukumbu ya mwaka, na Kabula alishawaahidi kwamba watamsikia mama yao.

Alhamisi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Toka hapo kompyuta ikawa inawaka nusu. Taa inawaka, feni inazunguka, inalia mlio mmoja, halafu kioo kinabaki cheusi na maneno meupe ya Kiingereza.

"Inasemaje?" nikamuuliza Kabula.

"Inasema haioni diski, baba."

"Diski ndiyo nini?"

"Ndipo alipo shangazi."

Nilikaa. Kabula alijaribu alichojua: akachomoa nyaya zote na kuzichomeka upya, akatoa printa, akatoa flashi, akazima na kuwasha. Vile vile. Akampigia fundi wa mjini, kijana mstaarabu tu, akasema ilete, ila inaweza kulazimu kufuta kila kitu tuanze upya.

"Mwambie asiiguse," nikasema. "Ifungue hapa hapa, niione ndani."

"Baba, na wewe!"

"Ifungue."

Jumamosi asubuhi akaleta bisibisi. Nawaambieni, kule ndani kuna mji. Vumbi letu jekundu la Kahama limejaa, mende mmoja amekufa chali, na chini yake barabara na vijumba. Nikauliza kila kitu jina na kazi yake mpaka Kabula akachoka. Nikafika kwenye kitu cha duara, kinang'aa, kama kifungo cha koti.

"Hiki?"

"Betri. Inatunza saa na kumbukumbu ndogo ndogo za mashine, umeme ukiwa haupo."

"Na saa yake inasemaje sasa?"

Akaangalia kwenye kioo. Mashine ilidhani tuko mwaka ambao yeye Kabula hajaanza shule.

"Basi jiwe limechoka," nikasema. "Litoe."

Akasema tununue jipya. Akapiga simu dukani. Saizi ile imeisha, mzigo unakuja wiki ijayo. Wageni kesho. Kabula akalitoa lile jiwe kwa kucha, akanipa kiganjani, na nikaliona jicho lake linataka kucheka. Nililiacha bila kuling'ata, maana lilikuwa dogo, ningelimeza. Nikalianika juu ya bati la banda la kuku.

Sasa kuku ni kuku. Akiona kitu kinang'aa lazima akidonoe. Nikavuta kigoda, nikachukua fimbo, nikakaa pale juani na kofia yangu. Mke wangu akatoka na beseni la nguo.

"Baba Kabula, unachunga nini?"

"Betri."

"Peke yake? Haina wenzake?"

Akaenda kuanika nguo huku mabega yanatikisika. Na majirani, ambao hawajawahi kupita njia ile, siku hiyo wote walipita. "Shikamoo mzee, imeshiba?" Nikawajibu marahaba.

Jua lilipopinda nikairudisha ndani. Kabula akaipachika, akawasha. Mlio mmoja. Halafu kioo kikawa buluu, halafu ile picha ya harusi yake ikatokea. Nikapiga meza.

"Jua!"

"Sio jua, baba. Ni kule kuitoa. Ikikaa bila betri inasahau mipangilio iliyoharibika, inaanza na ya kiwandani."

"Basi tuitoe tena, tusiianike, tuone ni lipi."

"Baba, usiguse!" Nadhani hajawahi kunikaripia vile. Akachomeka flashi kwanza, akahamisha sauti, akachomeka ya pili, akahamisha tena. Ndipo akapumua, akaifungua ile sauti.

Minza akakohoa. Akasema, "Kabula, hii inasikia au mpaka nipaze?" Alikuwa Minza mwenyewe. Mke wangu akakaa chini na kanga mdomoni. Minza akasimulia njaa, akasimulia pamba, akafika kwenye redio. "Baba yako alikuwa anayaanika yale mawe. Masikini! Mawe yalishakufa kabisa. Akienda kuchunga mimi nakimbia mnadani na michembe, nauza, nanunua mapya, nayaweka pale pale kwenye mwamba. Akirudi anakuta yamefufuka. Asubuhi alikuwa ananyanyuka kwenda kwa ng'ombe wa watu bila kulia, kwa sababu ya ile redio. Sasa ningemwambiaje?" Akacheka mpaka akakohoa tena.

Kabula aliniangalia, akageuzia macho kwenye kioo. Mtoto mwenye adabu.

Sikubali yote. Mara nyingine mnada haukuwepo, na redio ilinguruma. Nilitaka kumuuliza swali moja tu: mara zipi lilikuwa jua, na mara zipi ulikuwa wewe? Lakini sauti ya kwenye kompyuta haiulizwi. Jumapili watoto wake walikuja, wakalia, wakacheka, wakaomba irudiwe. Nami nilisikiliza kila iliporudiwa, nikitafuta jibu, na halimo.

Siku hizi kitu kikigoma kinatupwa, na mtoto akikosea anaambiwa ukweli papo hapo, kwenye simu, na watu wote wanasoma. Labda ni vizuri zaidi, sijui. Sisi tulilelewa na watu waliojua kunyamaza.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Kahama. Nina mashine ya kukoboa mpunga. Nina ng'ombe Kishapu, wangu mwenyewe. Nina mke na watoto waliosoma. Nina kompyuta inayowaka. Na nina sauti ya Minza, kwenye flashi mbili.