Darubini Niliyoiangusha

Juzi, kwa fundi cherehani mmoja pale Lindi mjini, nilisikia harufu ya mafuta ya mashine nikajikuta nimeshika ukuta. Mama alikuwa akiipaka bunduki yake mafuta hayohayo.

Tuliishi Rutamba. Mama alikuwa askari wa wanyamapori, mwanamke pekee kituoni kwao. Nilikuwa na miaka tisa simba alipozoea mashamba yetu ya mpunga. Alikwisha kumchukua mtu mmoja, tukawa hata chooni tunakwenda kwa msafara.

Mama aliletewa darubini mbili za bunduki achague. Moja ndefu, nene kama chupa ya chai, nyingine fupi. Alisimama mlangoni, akatazama kichaka kwa hii, kisha kwa ile, akachukua fupi.

"Ile inavuta mno," aliniambia. "Simba akiwa karibu utaona manyoya tu, hujui ni bega au mkia."

Akaifunga juu ya bunduki kwa pete mbili, akikaza skrubu kidogo huku, kidogo kule, ulimi umemtoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Akapiga risasi kwenye kichuguu, akarekebisha, akapiga tena.

"Zuhura, isiguswe hii. Ikisogea unene wa ukucha tu, risasi inakwenda kwa jirani."

Niliigusa. Mama alikuwa kisimani. Risasi amezifungia sandukuni, bunduki iko mezani. Nikaiinua, nikaielekeza mlangoni, nikapachika jicho. Katikati ya ule msalaba mwembamba mweusi nikamwona Mama, karibu mno, anajifuta jasho shingoni. Nilishtuka kana kwamba nimemuua. Bunduki ikaniponyoka, darubini ikagonga ukingo wa meza. Nikairudisha, nikaifuta kwa khanga, nikamwomba Mungu.

Hata sijamaliza kuomba, wanaume wakaja mbio: simba amelala kwenye matete, ng'ambo ya mto. Mama akachukua bunduki, akatoka nao. Mimi ulimi mzito. Nikisema, fimbo. Nisiposema, risasi itakwenda kwa jirani, na simba atakwenda kwa Mama.

Nilikimbia. Watoto tulikatazwa njia ile, na kila jani lililotikisika kwangu lilikuwa simba. Nilimkuta Mama nyuma ya wanaume, nikamvuta shati, nikamnong'oneza. Hakunigombeza. Alinitazama tu, midomo imemkauka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye anaogopa.

"Jamani, simameni," aliwaambia. "Skrubu sikuzikaza vizuri. Nijaribu kwanza."

Alilenga kichuguu, risasi ikapasua mti, shibiri mbili pembeni. Matete yakatikisika. Simba akaenda zake.

Mzee Saidi, mjumbe wetu, alitema mate. "Tulisema. Bunduki si mwiko wa ugali."

"Kosa langu, mzee," Mama alijibu.

Walimsema kijiji kizima, wiki mbili, hata baada ya kuifunga upya na kumpata simba yule. Hakujitetea.

Miaka yote niliamini alinifichia kosa ili nisichapwe. Mwaka jana, nikiwa na binti yangu mwenyewe mgongoni, nilimwuliza. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Kuchapwa ni kitu gani? Ulipita njia ya simba kuja kusema kweli. Wangekucheka wewe siku ile, mwanangu, safari nyingine usingekuja."