Mtumiaji wa Arobaini na Moja

Mama mdogo alikuwa karani wa bajeti. Kila mwaka alilinganisha gharama za kompyuta katika hospitali sita: mashine, intaneti, mafundi, na ada ya programu inayolipwa kwa kila muuguzi anayeitumia. Hospitali ikikutwa inamlipia mtu asiyekuwepo, ilifutiwa bajeti ya mwaka mzima. Karani akificha, alifukuzwa kazi.

Mwaka ule hospitali tano zilikuwa safi. Ya sita ilikuwa na wauguzi arobaini, lakini ililipia watumiaji arobaini na mmoja. Wa ziada alikuwa dada yake, yaani mama yangu, muuguzi wa wodi ya watoto, tuliyemzika miezi saba nyuma. Akaunti yake ilikuwa ikifunguliwa kila siku saa nne asubuhi.

"Mfanyakazi hewa huyo!" alicheka mwenzake wa meza ya jirani. "Leo umenasa windo, bibie."

Mama mdogo hakucheka. Alichukua faili, akaenda wodini.

Muuguzi mkuu hakubisha. "Nenosiri tumelibadilisha mara tatu, mdogo wangu. Kaa hapa ujionee."

Wakasimama nyuma ya kompyuta ya kona. Hakuna aliyeigusa. Saa nne kamili, jina la marehemu likajiandika. Kishale kikashuka taratibu hadi kitanda namba sita, kikasimama kwenye dawa ya mtoto. Mililita kumi ikafutika. Ikaandikwa moja.

Muuguzi mkuu alitoka mbio. Aliporudi alikuwa ameshika bomba la sindano, bado limejaa.

"Nusura wamchome," alisema akihema. "Hii ni mara ya tisa."

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani, na tuanzie wapi?"

Kiti kitupu kikazunguka kidogo, kama mtu anapoinuka.

"Dada," mama mdogo aliita kwa sauti ya chini, "hujachoka?"

Jina likatoweka kwenye skrini.

Alasiri alijaza fomu. Palipoulizwa kama kila anayelipiwa yuko kazini, aliandika: *Ndiyo, wote.* Akatia saini.

Mkuu wake alihesabu orodha, akarudia, kisha akamkazia macho. "Wakaguzi wakija, utawajibu mwenyewe."

"Nitawajibu, mzee."

Mhuri ukagongwa, bajeti ikapita. Mpaka leo mama mdogo anaishi roho juu. Kila bahasha inayotua mezani pake huitazama kwanza kwa muda mrefu, ndipo aichane.