Doa la Korido

Majirani walimwita Bi Madoa, naye hakununa. Alikuwa mchoraji, lakini usimwombe akuchoree uso wa mtu wala ua. Yeye alichora kutu za milango ya maduka, rangi iliyobabuka kwenye nguzo, mafuta yaliyosambaa mbele ya gereji. Mji mzima aliuzunguka akisaka madoa. Mama yake, aliyeishi naye, alimcheka mpaka akapaliwa.

"Wenzako wanafua madoa, mwanangu. Wewe unayatundika ukutani!"

Alikuwa na mwiko mmoja: picha ambayo haijakauka haitajwi kwa mtu. Aliamini ukiitaja, inakukimbia.

Macho ya mama yalipoingia ukungu, mama alijifunza kwenda kwa kupapasa. Kila asubuhi alitoka chumbani kwenda jikoni, kiganja ukutani, miaka nenda miaka rudi. Bi Madoa alipishana naye kwenye korido, mbio mbio, akiwahi kutazama kuta za watu.

Mama alipokwisha kuzikwa ndipo alipoliona doa la korido. Kwenye ukuta mweupe, usawa wa kiuno, weusi wa mkono ulianzia mlango wa mama ukaenda hadi jikoni. Kando ya mlango wa Bi Madoa ulikuwa umekolea zaidi, maana hapo mama alisimama kila mara kusikiliza kama mwanawe ameamka salama. Kumbe alichokuwa akikitafuta mji mzima kilikuwa nyumbani! Akakata shauri auchore wote, kwa urefu wake.

Mdogo wake, aliyekuja kwa msiba, alimwuliza anakwenda wapi.

"Dukani tu," alijibu, akafunga mdomo kama desturi yake.

Aliporudi na turubai la kuchorea begani, korido ilinukia sabuni.

"Pole na jua, dada," mdogo wake alisema, vidole vimechubuka. "Nimeshindana na huo ukuta tangu ulipotoka. Mama hakupenda uchafu, si unajua? Nikasema angalau nimfanyie hilo."

Macho ya mdogo wake yalikuwa mekundu. Alikuwa amesugua huku analia.

"Asante, mdogo wangu."

Akaliweka turubai chini. Akaenda mlangoni kwa mama, akafumba macho, akaweka kiganja ukutani, akaanza kutembea polepole. Ukuta ulikuwa bado na majimaji. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Dada, mkono huo!" mdogo wake aliita kutoka jikoni. "Utauchafua ukuta tena."

Hakuutoa.