Uzi Mweupe wa Shangazi

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Shangazi hulamba ncha ya uzi, hufumba jicho moja na kutunga sindano. Uzi ukipita mara ya kwanza, siku ni njema. Usipopita, anaulaumu uzi, anailaumu sindano, anamlaumu aliyefungua dirisha. Macho yake hayana hatia kamwe.

Alikuwa fundi cherehani wa tamasha la sanaa la jiji, lile la kila kiangazi, mitaa inapofungwa, mtu mzima na ndevu zake akilipwa kwa kusimama kimya kama mlingoti. Miaka saba amewavisha wachezaji, waimbaji na vichaa wa kila aina. Miaka saba Mkurugenzi, ambaye akigeuka tu wote humwita Tausi, amemwahidi: "Mwaka huu, Shangazi, nakutaja jukwaani." Akipanda jukwaani, anasahau. Ajabu ni kwamba jina lake mwenyewe halijawahi kumtoka kichwani.

Safari hii Shangazi alimwekea sharti. "Usiponitaja, mwanangu, hunioni tena."

"Haki ya Mungu, nakutaja!"

Siku ya ufunguzi, suti ya dhahabu ya Tausi ilikuwa bado imeshikizwa tu kwa uzi mweupe. Chumba kizima cha ushonaji kinajua maana yake: njoo uijaribu kwanza, ndipo ishonwe. Tausi aliitwa mara nne, hakuja. Wakubwa hawapimwi. Mchana akaingia mbio, akaichomoa pale ilipotundikwa.

"Hiyo bado, nimeshikiza tu," Shangazi akasema.

"Huu uzi mweupe unapendeza! Uache hapo hapo."

"Mwanangu, ukiinua mikono..."

"Sanaa niachie mimi, Shangazi. Wewe shona."

Hata hivyo Shangazi akamfuata hadi nyuma ya jukwaa, sindano mkononi, uzi wa dhahabu umeshatungwa. Alishapanga: akitajwa tu, anapanda, anapokea makofi yake, na papo hapo anamshonea suti asiaibike.

Uwanja ulijaa pomoni. Tarumbeta ikalia. Tausi akapaza sauti: "Mavazi yote mnayoyaona, nimeyabuni na kuyashona kwa mikono hii!"

Akaiinua mikono hiyo, waione.

Waliona zaidi ya mikono. Makwapa yalitangulia kufumuka, mgongo ukafuata, na suruali, kwa kuwa haipendi upweke, nayo ikashuka. Ndani palikuwa na kaptura ya kulalia yenye picha za bata. Watu wakashangilia, wakidhani ndiyo sanaa yenyewe. Mpiga tarumbeta alicheka mpaka tarumbeta ikalia kama mbuzi.

Tausi akarudi kinyumenyume hadi nyuma ya pazia, mkono mmoja mbele, mmoja nyuma. "Shangazi, niokoe! Sindano!"

Shangazi akamtazama juu hadi chini, akaishia kwenye bata.

"Si unashona mwenyewe?" Akamtia sindano mkononi. "Haya, shona."

"Nakutaja! Narudi jukwaani sasa hivi nakutaja!"

"Na hiyo kaptura? Thubutu! Watadhani nimeishona mimi."

Akatia mkasi wake mfukoni, akavaa futi yake ya kupimia shingoni, akakatiza katikati ya umati uliokuwa bado unapiga kelele, "Tena! Tena!"

"Shangazi, unarudi saa ngapi?" mpiga tarumbeta akamwita.

Alipunga mkono bila kugeuka. Hakurudi.