Luteni Aliyeombewa Misa

Jumapili moja, kwenye misa ya kwanza, padri wetu alisoma nia za misa kama kawaida: marehemu wa familia hii, shukrani ya familia ile, mama anayesubiri kupasuliwa. Kisha akasema, "Tumwombee pia Luteni," akataja na jina lake, "aliyejeruhiwa mtoni, ambaye mchumba wake anamsubiri nyumbani." Watu wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Mimi sikuitikia. Nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili. Luteni huyo nilimjua kuliko mtu yeyote mle kanisani, maana nilimtunga mimi mwenyewe, sokoni Kimironko, kati ya gauni moja na jingine.

Nijieleze kidogo. Mimi ni fundi cherehani, na si mpole, nasema mapema ili mtu asije akalalamika. Nilizaliwa Bujumbura kwa wazazi wakimbizi kutoka Rwanda, Kiswahili nikakipata mtaani kabla ya kujua kwamba ni lugha ya vitabu. Tulipohamia Kigali nilikuja nacho pamoja na cherehani. Kwa miaka kadhaa sasa ninaandika hadithi kwenye daftari za shule. Mapishi yangu hayabadiliki: askari, msichana, Mungu. Askari anatumwa kwenye hatari, msichana anabaki akipiga magoti, na Mungu anamrudisha askari ukurasa wa mwisho, mzima, harusi ikafungwa kanisani na kwaya ikaimba. Daftari tano nilikuwa nimemaliza hivyo. Luteni alikuwa wa daftari la sita.

Saa sita mchana, wateja wanapopungua, mafundi wenzangu wananiomba niwasomee. Wanapunguza mwendo wa pedali ili wasikie. Kulia kwangu anakaa fundi wa kanzu, Mwislamu, mtu wa maneno. Yeye hulalamika kwamba Luteni wangu anasali sana kuliko anavyopigana, na kwamba jeshi lenye askari wa namna hiyo lingeshindwa na kuku. Kushoto kwangu anakaa rafiki yangu, mdogo wangu kwa miaka zaidi ya ishirini, ambaye mume wake ni askari wa kweli. Yuko nchi ya mbali, kwenye kikosi cha kulinda amani. Huyo ndiye mwalimu wangu wa mambo ya jeshi. Siku moja nilimwandika Luteni akijikorogea chai mbele ya askari wake, akanikatiza. "Dada, hiyo haiko. Luteni iko na watu wa kumletea chai." Nikafuta.

Na kuna bibi mmoja anayepitisha dodo, zile mboga za majani, akiuza kwa mafungu. Tunamwita Mukecuru, ndiyo bibi kwa Kinyarwanda. Huwa anafika nikiwa nimeshaanza kusoma, anakaa juu ya gunia dakika kumi, anaondoka kabla sijamaliza.

Jumatatu nilimsubiri kwa hamu. Alipoketi nikamwuliza kama yeye ndiye aliyempeleka Luteni misani. Akasema ndiyo, kwa nini? Ati mtoto wangu mimi ameumia huko aliko, nami nasoma barua zake kila mchana na macho makavu, mtu atakaaje bila kumwombea? Miezi yote hiyo alidhani daftari langu ni barua kutoka kwa mwanangu.

Fundi wa kanzu alicheka mpaka akashika ubavu. "Mungu si Athumani," akasema, "sasa hata wa kwenye daftari wanapona." Nilipomweleza Mukecuru kwamba Luteni hayupo duniani, alinitazama kwa huruma akasema, "Ihangane," yaani pole, jikaze. Akadhani ameshakufa. Hapo hata mimi nikacheka, machozi yakanitoka.

Rafiki yangu hakucheka. Alikuwa anakata kitenge, akaendelea kukata, na bila kuinua uso akasema, "Mmemwombea wa daftari. Wangu bado."

Nikakumbuka kwamba mumewe hupiga simu kila Jumapili jioni, na kwamba Jumapili tatu zilikuwa zimepita. Alikuwa ameniambia, nami nikamjibu yale tunayojibu wote, mtandao, kazi, usijali. Kumbe mwenzangu alikuwa anapungua mbele yangu. Mkono wake ulikuwa mwembamba kwenye ule mkasi. Nilimwuliza kwa nini hajapeleka nia ya misa. Akasema akimpeleka mumewe kwenye ile orodha, kati ya wagonjwa na marehemu, itakuwa kama ameshakubali.

Nikajipa kazi. Nilijiambia kwamba kama siwezi kumrudisha mumewe, naweza kumrudisha Luteni, na moyo wake utatulia. Wiki hiyo niliandika mbio, hata gauni la mteja nikalikosea mkono. Luteni akapona jeraha. Akavuka mto tena, akatoka na watoto wawili mgongoni. Ijumaa nikawasomea jinsi alivyoshuka kwenye gari huko Gahanga, pembezoni mwa Kigali, pale penye mashamba ya maharagwe, na mchumba wake akamwona toka mbali akiwa na jembe mkononi. Niliisoma vizuri, najisifu. Mukecuru, ambaye kwa mara ya kwanza alibaki mpaka mwisho, alipiga ishara ya msalaba.

Rafiki yangu alikunja kitambaa chake pembe kwa pembe. Kisha akasema, "Dada, askari zako zote zinarudi."

"Ndiyo hadithi," nikamwambia.

"Wako alirudi?"

Hakuna mwingine pale aliyejua anasema nini. Nilikuwa nimempa siri hiyo siku moja ya mvua ya mawe, tulipokwama wawili sokoni, nikamwambia kwa maneno machache na kumkataza asiirudie. Damu ilinipanda. Nilimwambia asinichimbe, kwamba mimi namtafutia dawa naye ananitia kidole kwenye kidonda. Akanijibu taratibu, na ule utaratibu wake ndio ulioniuma.

"Sitaki kuambiwa atarudi. Kila mtu ananiambia atarudi. Nataka mtu aniambie, asiporudi, kesho yake mtu anaamkaje. Wewe unajua. Umejaza daftari sita na hujasema."

Nilifunga cherehani kabla ya saa yangu nikaenda nyumbani. Jumamosi nzima tulikaa bega kwa bega bila kusemezana. Akitaka chaki anamwomba fundi wa kanzu, na fundi wa kanzu anaipokea kwangu, anampitishia. "Nimegeuka posta," alinung'unika, lakini hatukucheka.

Kesho yake, Jumapili, sikwenda misa ya kwanza. Nilikaa uani asubuhi na daftari magotini. Mume wangu, fundi seremala, mtu mwema, aliniona akaniwekea chai bila kuniuliza. Habari niliyokuwa nataka kuiandika yeye anaijua kwa sentensi moja tu. Nilimwambia sentensi hiyo kabla hajanioa, akasema amesikia, na kwa zaidi ya miaka ishirini hajaniomba ya pili.

Nikaandika. Jumatatu mchana, kabla mtu hajaniomba, nikafungua daftari. Nikasema, "Hii haina Luteni. Hii ni mimi." Sauti yangu haikuwa nzuri. Niliyosoma yalikuwa hivi, nayafupisha.

Nilikuwa na miaka ishirini, Bujumbura, najifunza kushona. Enzi zile vijana wa wakimbizi walikuwa wakiondoka kimyakimya kwenda vitani Rwanda, mmoja leo, wawili kesho, na nyumbani kwao watu wakijifanya kwamba amekwenda kumtembelea mjomba. Nilikuwa na mchumba. Watu wa kwao walikuwa wameshakuja kuniomba kwa wazazi wangu, maneno yakakubaliwa, harusi ikabaki. Jioni moja alikuja na suruali ya kijivu, akasema ni ndefu, nimkunjie pindo, atapita kuichukua. Nilimpima, nikaweka pini. Nilimfokea kwa sababu alikuwa anacheka na hatulii. Neno langu la mwisho kwake lilikuwa "simama vizuri." Hakupita kuichukua.

Nilisali. Mtu asiniambie sikusali. Rozari nzima kila siku, magoti yakaota sugu, miezi na miezi. Kisha mwenzake mmoja akafika uani kwetu, akakataa kiti, akasema hatarudi. Kwao walikaa kilio. Mimi sikuitwa, maana harusi ilikuwa haijafungwa. Sikuwa mke, sikuwa mjane, nilikuwa msichana fulani wa mtaa wa pili. Na kaburi halikuwepo. Kwa hiyo hakuna aliyenimiminia maji ya kunawa mikono, kama watu wetu wanavyofanya wakitoka kuzika, ili kila mtu ajue kwamba msiba umekwisha na arudi kwa walio hai.

"Asubuhi ya pili," nikasoma, na hapo nilijua rafiki yangu ameacha kushona, "niliamka kwa sababu mkojo ulinibana. Ndio ulioniamsha, si imani. Nilianza Salamu Maria nikakwama katikati. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele, akaimalizia yeye bila kugeuka. Nikanywa uji. Nikaiona suruali kwenye msumari, na pini zangu. Nikakaa nikakunja pindo mpaka mwisho, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kwa sababu ni kazi niliyoipokea. Baadaye kaka yangu aliichukua. Aliivaa mpaka ikachanika magotini. Nilikuwa nikimwona akipita nayo, najifanya natafuta sindano. Mwaka ulipita hivyo. Siku nyingine nilisahau asubuhi nzima, nikikumbuka nalia kwa aibu ya kusahau. Kwa Mungu nilinuna. Nilikwenda kanisani nimenuna, nikakaa nimenuna, nikarudi. Hakunifukuza. Nilipopata nguvu nikaanza kuandika vitabu ambamo rozari inafanya kazi."

Nikafunga daftari. Cherehani zote za upande wetu zilikuwa zimesimama. Fundi wa kanzu alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Nilimwogopa kuliko wote, nikidhani atatafuta neno la mzaha, lakini alisema tu, "Mwenyezi Mungu amrehemu." Mukecuru alikuwa amefumba macho. Rafiki yangu aliweka mkono wake juu ya goti langu na kuubonyeza pale, mzito, kama tunavyokandamiza kitambaa kisiteleze.

"Kwa hiyo mtu anamaliza pindo," akasema.

"Anamaliza pindo."

"Naweza hiyo."

Mkono wa rafiki yangu ulikuwa bado gotini kwangu Mukecuru aliponyanyuka. Alichukua lile dumu dogo analotumia kunyunyizia dodo zake zisinyauke, akaja kwangu akalifungua. Nilielewa, nikainyoosha mikono yangu juu ya sakafu ya saruji, naye akanimiminia. Maji yalikuwa ya vuguvugu na yalinuka majani. Nililia pale mbele ya wateja wawili waliokuja kuulizia sare za shule, na sikuona haya hata kidogo. Baada yangu akammiminia fundi wa kanzu, kisha msichana anayeuza vifungo meza ya jirani, kisha wale wateja pia, waliotoa mikono bila kujua ni msiba wa nani.

Alikuwa amefika kwa rafiki yangu simu ilipolia. Iko juu ya cherehani, kila siku iko pale, uso juu. Aliitazama bila kuigusa. Nikaona namba ndefu, ya nje. Mikono yake ilikuwa inatiririka maji, akaichukua hivyo hivyo, akaiweka sikioni.

"Uko mzima?" akauliza. Akasikiliza. "Kweli mzima? Miguu yote?" Sauti ya mwanamume ilikuwa inaeleza, haraka haraka, kambi imehamishwa, mnara hakuna, yeye hajambo. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hayafuti. Nilidhani atakimbilia nje kwenye nafasi, kama afanyavyo Jumapili, aongee naye peke yake. Nilimsukuma kidogo aende.

Alikataa kwa kichwa. Akakaa tena kwenye stuli yake, bega lake likagusa langu.

"Nipigie tena jioni," akamwambia. "Sasa siwezi. Tuko kwenye msiba."

Nilisikia yule mtu akishtuka kule aliko. Nani amekufa?

"Mchumba wa dada."

Lini?

Rafiki yangu alinyoosha mkono mwingine kwa Mukecuru ammalizie maji.

"Zamani," akasema. "Lakini leo ndiyo tunanawa."