Mtihani Usiosomewa

Goitsemang Molefe alikuwa amewapikia wachimbaji wa platini karibu na Rustenburg kwa miaka kumi na mmoja alipoomba kujifunza kuendesha lifti inayowashusha mgodini. Wenzake wa jikoni walimtania kwamba amechoka kusonga bogobe, ugali wa kwao, sasa anataka kuwasonga wanaume wenyewe. Alicheka nao, akaenda.

Kabla ya mafunzo kulikuwa na mtihani wa kupima namna mtu anavyoamua mambo. Kompyuta inakupa kisa na njia nne, nawe unachagua moja. Goitsemang alijibu kama binti mwenye adabu: kila kisa, alimtii msimamizi. Akafeli, akaambiwa arudi baada ya miezi sita.

Alirudi nyumbani kanyong'onyea. Dada yake, Kelebogile, hakumpa hata pole.

"Siku ile ulipomwaga sufuria nzima ya nyama kwa kuwa inanuka, na wanaume mia tatu wako foleni, ulimwomba nani ruhusa?"

"Nimwombe nani? Mkuu wa jiko alikuwa anafoka tu."

"Basi huyo mwanamke aliyemwaga nyama ndiye ungempeleka kwenye mtihani. Wewe umempeleka mwingine, sijui umemtoa wapi."

Mara ya pili alikutana na kisa hiki: lifti imejaa watu, kengele ya breki imelia kisha ikanyamaza, msimamizi anasema zamu imechelewa, shusha. Goitsemang alichagua kutomshusha mtu mpaka fundi akague. Hakusita.

Mwanasaikolojia aliyesimamia mtihani, Mma Tlhalefang, alimwita ofisini.

"Majibu yako yamegeuka, Mma. Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Mma. Kwanza nilijibu nilichodhani mnapenda kusikia. Safari hii nimejibu ninavyofanya."

Akaombwa mfano, naye akasimulia habari ya ile nyama. Alipofika pale alipomsogezea mkuu wa jiko sufuria aonje yeye kwanza, Mma Tlhalefang aliweka kalamu chini akacheka mpaka akafuta machozi. Goitsemang akafaulu.

Huu ni mwaka wake wa pili kwenye lifti. Majuzi alisikia mlio asioupenda, akawasimamisha watu dakika arobaini huku wakinung'unika. Fundi alikagua, hakukuta kitu. Goitsemang alimshukuru, akawashusha wote taratibu, kisha akamimina chai yake na kuinywa kwa raha zake.