Injini Iliyoombewa na Wachungaji Watatu

"Madam, tulia. Hii injini imeombewa," dereva aliniambia, boneti iko wazi na mvuke unampiga usoni.

Hapo ndipo uvumilivu uliponiisha. Tulikuwa kwenye mlima kabla ya Nyakoe, ndani ya ambulensi ya kituo chetu cha afya, binti yangu wa miaka miwili amelala mapajani, pumu imembana hadi mbavu zinahesabika. Ilikuwa mara ya pili gari hilo kutuzimikia njiani.

"Nani alipima maji asubuhi?"

"Maji? Wachungaji walikuja Jumatano, mama. Wote watatu."

"Na oili?"

"Hata padri alikuja."

Mimi ni mtu wa kanisa, kila Sabato niko ndani. Lakini sijawahi kuona malaika akijaza rejeta. Mwenye pikapu aliyekuwa akipita alishusha ndizi zake kwenye nyasi ili tupande, tukafika hospitalini, mtoto akavutishwa dawa akapata nafuu.

Wiki iliyofuata mheshimiwa mmoja alitua Nyansiongo kwa ndege ndogo, amekuja mazishini. Watu walimkimbilia yeye. Mimi nilimwendea rubani, mtoto mgongoni. Alikuwa ameinama anapima oili, na hakuna aliyemtuma.

"Kaka, ambulensi yetu hutuzimikia njiani. Hii yako ni injini ya aina gani?"

"Ni kama ya gari tu, dada. Tena ya mtindo wa kizamani. Ya gari lenu huenda ni ya kisasa zaidi."

"Sasa mbona yetu ndiyo inazima?"

"Hapa kila silinda ina plagi mbili, moja ikikataa nyingine inashika. Kila saa ambayo injini inafanya kazi inaandikwa kitabuni. Nikiwa na shaka, siruki."

"Hata mheshimiwa akipiga kelele?"

"Apige. Huko juu hakuna kando ya barabara."

Kumbe! Injini yake inakaguliwa kwa sababu hawezi kushuka asukume. Sisi wenye bahati tumepewa kando ya barabara, tukae hapo na wagonjwa wetu tukipunga mkono.

Kesho yake nilipeleka barua kwa kamati ya kituo, nikasimama pale hadi ikapigwa muhuri:

"Nalalamika rasmi kwamba ambulensi imezimika mara mbili nikiwa na mgonjwa, na hakuna aliyepima maji wala oili. Naomba dereva apime kila asubuhi, aandike na kutia sahihi. Siku isiyo na sahihi, gari lisitoke, na litafutwe lingine. Maombi yaendelee, ila baada ya kupima. Mwanangu anaweza kubanwa tena hata leo. Nataka jibu kwa maandishi."